Lugha Iliyombakia Mwalimu Javan

Wanafunzi wa Javan Nabiswa walikuwa wakiambiana kwamba ukiandika "hii inathibitisha" kwenye insha yake, umejitafutia. Angekuita mbele akuulize umethibitisha nini, kwa ushahidi gani, na kama watu wote duniani wamekubaliana nawe. Halafu angelikata neno hilo na kuandika juu yake, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "hii inaelekea kuonyesha". Msomi hapigi kelele, alikuwa akiwaambia. Msomi husema kile tu anachoweza kukisimamia.

Alikuwa akifundisha Kiingereza cha masomo na cha kazi katika kampasi ndogo ya chuo kikuu kimoja cha binafsi, kwenye jengo linalotazamana na Barabara ya Jogoo, juu ya maduka ya sufuria na vitambaa vya mapazia. Wanafunzi wake walitoka Eastleigh, Kayole, Umoja na Baba Dogo. Wengi waliongea Sheng ya mitaani tangu asubuhi hadi jioni, lugha ya wazazi kidogo nyumbani, na Kiingereza pale tu kilipohitajika. Javan aliwafundisha kuandika ripoti, kutumia maneno ya mwandishi mwingine bila kuyaiba, kusimama mbele ya watu na kueleza mradi, kujibu maswali ya waajiri. Madirisha hayakuzuia honi za barabarani, kwa hiyo alifundisha kwa sauti ya juu, na koo lilimkauka kila jioni.

Aliiamini kazi hiyo kwa sababu alijua mtu asiyekuwa na Kiingereza hutendewa nini. Alizaliwa upande wa Bungoma. Katika shule yake ya msingi kulikuwa na kibao chenye kamba. Aliyesikika akiongea Lubukusu, lugha ya kwao, alivishwa shingoni, na aliyekuwa nacho kengele ya mwisho ikilia alichapwa. Alipofika Nairobi akiwa kijana na cheti chake, wasaili watatu walimwomba ataje tena jina la chuo alichosomea. Akalitaja. Wakamwomba tena. Alipolitaja mara ya tatu ndipo alipotambua kwamba walikuwa wamelisikia tangu mwanzo, na kwamba walichotaka ni kusikia b yake ikigeuka p. Mmoja alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Alijifunza upya kutamka. Alisikiliza redio akirudia kila sentensi mpaka b ikakaa mahali pake. Alipooa, alimwoa Nzisa, Mkamba wa Makueni anayefanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno, na wakapata binti mmoja, Nelima. Katika nyumba yao ya Buruburu, Javan aliweka sheria: mtoto ataongea Kiingereza, na Kiswahili atakipata nje kwa wenzake. Mama yake Javan alipopiga simu kutoka nyumbani, Javan alitoka na simu hadi kando ya tangi la maji, akaongea Lubukusu huko huko akiwa ameipa nyumba mgongo. Nelima alipokuwa mdogo alidhani ile ni lugha ya habari mbaya, maana hakuona sababu nyingine ya mtu kwenda kuisemea uani.

Sheria ile ilizaa matunda. Nelima alimaliza chuo akaajiriwa katika kampuni inayopokea simu za wateja, na wasimamizi wake walimsifu kwa Kiingereza chake. Javan alilisimulia jambo hilo darasani zaidi ya mara moja.

Muhula ule alikuwa na mwanafunzi anayeitwa Griffins. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, mfanyakazi wa zamu katika kiwanda cha plastiki Baba Dogo, na alikuwa akirudia somo la Javan baada ya kulifeli mwaka uliotangulia. Maandishi yake yalikuwa yameanza kukaa sawa. Shida ilikuwa kusimama na kuongea. Mwishoni mwa muhula kila mwanafunzi alipaswa kuwasilisha mradi wake mbele ya walimu wawili kutoka kampasi kuu, na Griffins alikuwa Mbukusu ambaye b zake zote zilikuwa p.

Siku moja alisimama kufanya mazoezi. Sentensi ya kwanza haijaisha, Javan akainua mkono.

"Rudia neno la mwisho."

Griffins akalirudia. Darasa likacheka kidogo.

"Tena."

Alilirudia, likatoka vilevile. Griffins akatazama karatasi zake akanong'ona kwa Lubukusu kwamba huyu ni mtu wa kwetu na ndiye anayenimaliza. Alidhani amejisemea mwenyewe. Javan alikuwa amesimama karibu.

"Uliyosema sasa hivi, liambie darasa kwa Kiingereza," Javan alisema.

Griffins aliendelea kutazama karatasi zake. Javan alimwambia akae, akamwita anayefuata. Alipokuwa akirudi nyumbani kwa miguu jioni ile alijiambia kwamba wale walimu wa kampasi kuu hawatamhurumia kijana huyu, kwa hiyo afadhali aumie sasa.

Somo lililofuata ndilo lililokuwa la mwisho. Alikuwa ubaoni akiandika namna ya kufungua ripoti ya kikazi. Wanafunzi waliona maandishi yakianza kushuka, mstari ukainama kama unaoteremka kilima, kisha kalamu ikamponyoka. Aliitazama sakafuni bila kuiokota. Akawageukia, akasema sentensi nzima, kwa upole, na hakuna aliyemwelewa. Akairudia.

Griffins aliinuka kwenye kiti chake cha nyuma, akaenda akafungua dirisha. Javan alikuwa ameomba, kwa Lubukusu, wamfungulie dirisha maana hewa imekwisha. Dirisha lilipofunguka kelele za barabara ziliingia zote, na Javan akaanguka ubavu kwenye meza ya mbele, juu ya vitabu vya msichana mmoja wa Eastleigh aliyeitwa Khadro. Khadro ndiye aliyemshika kichwa kisigonge chini.

Hospitalini walisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa mzito na mguu ukikokota, lakini uso ulirudi sawa baada ya muda, na siku alipoanza kuongea Nzisa alimshukuru Mungu kwa sauti wodini. Furaha hiyo haikudumu. Javan aliongea, tena mengi, na yote yalikuwa Lubukusu. Nzisa hakujua neno hata moja zaidi ya salamu. Nelima alifika kutoka kazini akiwa bado na kitambulisho chake shingoni, akainama juu ya kitanda, na baba yake akamshika mkono akamwambia jambo refu.

"Baba, sikuelewi," Nelima alisema kwa Kiingereza. "Sema Kiingereza. Tafadhali, Baba, sema Kiingereza."

Ndiyo maneno Nelima aliyoambiwa utotoni na baba yake kila alipokosea. Hakuyakusudia hivyo, lakini Javan aliyasikia. Aliufungua mdomo, akaikunja midomo kutafuta sauti, shingo ikatoka mishipa. Lilitoka neno moja la Kiingereza lililovunjika katikati. Akageuza uso ukutani.

Daktari aliwaita pembeni akawaeleza. Anaelewa Kiingereza na Kiswahili anapovisikia, alisema, lakini Kiingereza kimekwama mahali pa kutokea, na Kiswahili kinatoka vipande vipande. Lugha aliyoinyonya utotoni ndiyo iliyosalimika. Nyingine zinaweza kurudi kwa mazoezi, nusu au zote, na nyakati nyingine hazirudi.

"Sasa nyumbani nani anaongea lugha yake?" daktari aliuliza.

Nzisa alimtazama Nelima.

Wiki za mwanzo nyumbani zilikuwa mbaya kuliko za hospitalini. Nzisa alilazimika kurudi kazini, Nelima akaomba zamu za usiku ili mchana awe na baba yake. Asubuhi moja Javan aliomba kitu. Nelima alimletea maji. Akatikisa kichwa. Akamletea chai, blanketi, dawa, akamsaidia kuelekea msalani. Javan alizidi kupandisha sauti, neno lilelile, mpaka akapiga mkono wa kochi kwa ngumi ya kushoto. Nelima naye akapiga kelele, "Sijui! Sijui unataka nini!" Kisha akaenda jikoni akasimama akiwa ameshika ukingo wa sinki. Aliporudi, baba yake alikuwa amefumba macho na machozi yanamshuka. Neno lile lilibaki bila kujulikana.

Mtaalamu wa matamshi alikuja mara chache. Aliacha picha za vikombe na viatu na paka, na Javan, aliyekuwa akisahihisha tasnifu za watu, aliombwa ataje kikombe. Siku nyingine alikitaja. Siku nyingine alikitazama hadi jasho likamtoka.

Alasiri ya Jumamosi moja, mlango ulibishwa. Nzisa alifungua akakuta wanafunzi watano, Khadro mbele amebeba mfuko wa machungwa, Griffins nyuma kabisa kama mtu aliyekuja kwa kusukumwa.

"Shikamoo, Mama Nelima," Khadro alisema. "Tumekuja kumwona Mwalimu."

"Marahaba, karibuni. Lakini mjue haongei... haongei vizuri."

Waliingia wakampa mkono mmoja mmoja. Javan alijaribu kujibu kwa Kiingereza na wote wakajifanya hawakuona alivyoshindwa. Ilipofika zamu ya Griffins, alisita, akaupokea mkono ule wa kushoto kwa mikono yake miwili, akasema, "Mulembe, papa."

Javan aliinua kichwa. Akajibu salamu, halafu maneno yakafuata, mengi, bila kituo, kama mtu aliyefungiwa chumbani siku nyingi akafunguliwa. Griffins alipiga magoti kando ya kochi. Alikuwa akiitikia, akiuliza, akiitikia tena. Mara moja Javan alicheka. Nelima alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na trei ya chai. Tangu ugonjwa uanze hakuwa amemsikia baba yake akicheka, na sasa alikuwa akicheka na mtu wasiyemjua, juu ya jambo asiloweza kulifahamu.

"Amesema nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka.

Griffins aligeuka. "Anauliza nani anafundisha darasa lake. Anasema amekuuliza hilo na hukumjibu."

Nelima aliweka trei mezani.

"Na nani anafundisha?" Nzisa aliuliza.

"Hakuna," alisema Khadro. "Tumeambiwa tusome wenyewe mpaka siku ya kuwasilisha."

Javan alikuwa amelisikia hilo kwa Kiswahili na kulielewa. Alimwambia Griffins jambo, na Griffins akasita kabla ya kulitafsiri.

"Anasema tuje hapa. Kila Jumamosi. Tuje na kazi zetu."

Nzisa alitaka kukataa. Daktari alisema mgonjwa apumzike. Lakini alimwona mumewe amekaa wima kwenye kochi, mara ya kwanza bila kuegemea mto, akakubali.

Hivyo ndivyo darasa lilivyohamia sebuleni Buruburu. Walisogeza meza ya kahawa, mmoja akasimama karibu na televisheni na kuwasilisha mradi wake kwa Kiingereza, na wengine wakakaa chini. Javan alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Kosa lilipotokea aligonga meza kwa kidole. Alilisikia kila kosa, ila kulitaja ndiko kulikomshinda. Mwanzoni walimkisia: ni matamshi? ni wakati wa kitenzi? Baadaye wakaacha kukisia, wakamtazama Griffins. Javan alieleza kwa Lubukusu, na Griffins akawageuzia wenzake kwa Kiswahili, pengine kwa Sheng, kwa nini sentensi ile ya Kiingereza haijasimama.

"Anasema hapo umeruka. Umetuambia watu waliacha kununua, halafu ukasema ni kwa sababu ya bei. Umejua aje ni bei? Anasema sema 'huenda'."

"Hii inaelekea kuonyesha," alisema Khadro kwa Kiingereza, na wote wakacheka, na Javan pia.

Haikuwa rahisi kwa Griffins. Lubukusu lake lilikuwa la jikoni kwa mama yake. Halikuwa na maneno ya hoja na ushahidi, wala ya kumtaja mwandishi uliyemsoma. Javan alilazimika kuyatengeneza papo hapo kwa maneno ya kulima, kujenga na kuamua kesi ya mipaka. Nyakati nyingine walibishana namna ya kulisema jambo huku wengine wakisubiri na chai inapoa. Na ilipofika zamu yake mwenyewe, Griffins alisimama kando ya televisheni, akaongea, akasikia kidole kikigonga, na ikambidi awageukie wenzake na kuwatafsiria lawama zake mwenyewe.

"Anasema midomo yangu ni mivivu," alisema siku moja, akatazama chini. Kisha Javan akaongeza jambo kwa sauti ndogo, na Griffins hakulitafsiri. Khadro alipomsisitizia alisema, "Ameniambia yake pia ilikuwa hivi. Waliwahi kumcheka."

Nelima aliyasikia hayo akiwa jikoni. Hakuwahi kuambiwa kwamba baba yake aliwahi kuchekwa.

Alingoja mpaka wengine walipoondoka. Griffins alikuwa akirudisha meza mahali pake.

"Nisaidie kumuuliza kitu," Nelima alimwambia. "Muulize kwa nini hakunifundisha."

Griffins alisimama wima. "Dada, hilo siwezi. Anakusikia, muulize mwenyewe. Nitakwambia atakachojibu."

Basi Nelima alikaa mbele ya baba yake akamuuliza kwa Kiingereza, lugha pekee waliyowahi kuongea pamoja. Alimuuliza kwa nini alikuwa akienda kuongea kando ya tangi. Kwa nini nyanya alikufa bila yeye kuweza kumwambia jambo lolote zaidi ya kumshika mkono na kutabasamu kama mgeni.

Javan aliongea polepole, na Griffins akafuata nyuma yake sentensi kwa sentensi.

"Anasema walimcheka, akaapa kwamba wewe hakuna atakayekucheka... Anasema aliogopa kwamba ukianza na lugha yake, itabaki kwenye midomo yako, na watu watajua... Anasema alidhani Kiingereza kitakutosha kwa kila kitu. Anasema..." Griffins alisimama. "Anasema hakufikiri kwamba ni yeye utakayemkosa."

Nelima aliinuka. "Mwambie hakika sikuchekwa," alisema. "Mwambie alifaulu." Akachukua koti lake akatoka, na mlango ukafunga kwa kishindo. Nzisa alimkuta baadaye kwenye benchi la uwanja wa watoto, akakaa karibu naye.

Hata hivyo ni Nelima aliyemwandaa baba yake kwa mkutano na mkuu wa idara. Mkataba wa Javan ulikuwa unakaribia kwisha, na mkuu huyo, Daktari Munene, aliomba aje wazungumze kama ataweza kurudi. Kwa siku kadhaa Nelima alimfanyisha mazoezi ya sentensi moja ya Kiingereza: kwamba anaendelea kupata nafuu na anatumaini kurudi muhula ujao. Ilikatika, ikaungwa, ikakatika. Asubuhi ya mkutano aliisema nzima mara mbili akiwa anafungwa tai, na Nelima akapiga makofi.

Munene alikuwa mtu mwema. Alimletea Javan kiti mwenyewe. Aliuliza hali, na Javan akaanza sentensi yake. Kitenzi kilikuja kimekosa wakati. Akarudi nyuma kukirekebisha, neno lililofuata likapotea. Akaanza upya. Likatoka neno la Kiswahili, kisha la Lubukusu, kisha "tumaini" peke yake, kwa Kiingereza, mara tatu. Nelima aliyekaa karibu alikuwa akiitamka sentensi ile kimyakimya kwa midomo, kama anayemsaidia mtoto kwenye tamasha la shule. Lile alilolifahamu Javan kuliko wote chumbani ni makosa yake mwenyewe. Alilisikia kila moja. Kidole chake cha kushoto kilikuwa kikigonga paja.

Munene alitazama dirishani. Akasema Javan ni hazina ya idara na kwamba apumzike kwanza, afya ndiyo muhimu. Javan alimwelewa vizuri sana. Alikuwa amewafundisha watu maneno hayohayo: namna ya kumkatalia mtu kwa barua ya kikazi bila kumwambia hapana.

Wanafunzi wake waliwasilisha miradi yao wiki mbili baadaye. Khadro alifanya vizuri. Griffins alipita kwa alama za wastani. Alisimulia kwamba alipofika kwenye neno gumu alisimama, akafunga midomo vizuri, akalitoa, na mwalimu mmoja wa kampasi kuu hakuinua hata macho kwenye karatasi zake. Javan alilisikia hilo akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akamshika Griffins bega. Mwezi haujaisha Griffins akapata kazi ya usimamizi wa stoo huko Eldoret, akaja kuaga. Nzisa alimpikia kuku. Javan aliongea naye hadi chakula kikapoa, na alipoondoka, ukimya uliorudi katika nyumba ile ulikuwa mzito kuliko wa mwanzo, kwa sababu sasa walijua kilichokuwa nyuma yake.

Desemba, Nzisa alishauri waende Bungoma. Javan hakuwa amekwenda tangu mazishi ya mama yake. Dada yake mkubwa, ambaye Nelima anamwita Senge, yaani shangazi, aliwapokea langoni. Aliwahi kuja Buruburu Nelima akiwa mchanga, akamwimbia kwa Lubukusu, na Javan akamwomba asifanye hivyo. Senge alicheka siku ile, lakini hakurudi tena Nairobi.

Huko nyumbani Javan hakuwa mgonjwa. Alikokota mguu, ndiyo, na mkono ulilala mapajani, lakini aliongea. Majirani walikuja jioni wakakaa uani, naye akabishana nao juu ya bei ya mahindi na mipaka ya shamba, akatania, akakatizwa, akakatiza. Mzee mmoja alimuuliza Nzisa kwa Kiswahili huo ugonjwa wa kutoongea uko wapi. Nelima alikaa kwenye kigoda pembeni. Watoto wa binamu zake walimsemesha, na alipokosa jibu walitazamana wakacheka, si kwa ubaya. Alijua kusema maji, kamechi, na asante, orio. Alivyosema asante walicheka zaidi. Alijaribu tena, nao wakamfundisha, na alipokwenda kulala uso ulikuwa ukimwaka kwa aibu.

Siku ya kuondoka ilipofika, Javan hakupanga nguo zake. Alikaa karibu na dada yake, akamwambia Nzisa kwa Kiswahili kilichokatikakatika, akitafuta kila neno, "Mimi... hapa. Hapa niko... mtu."

"Na mimi?" Nzisa aliuliza. "Kazi yangu iko Nairobi, Baba Nelima. Nyumba iko Nairobi. Mimi niko mtu wapi?"

Javan alitaka kumjibu. Alihangaika, akamgeukia Senge, akaongea, na Senge akatafsiri kwamba anasema anakupenda. Nzisa alisema hakuolewa ili aambiwe hilo na wifi yake. Aliingia ndani akamalizia kufunga mizigo. Baadaye alitoka, akaupanga ule mkono mzito vizuri kwenye mapaja ya mumewe, akamwachia dawa zake na kumweleza Senge saa za kuzimeza.

Javan bado yuko Bungoma. Kiingereza kinarudi kidogo, kama cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na anajua hivyo. Khadro humpigia simu na kumsomea barua zake za kuomba kazi, naye husema "sawa" au "hapana". Nelima hupiga kila Jumapili akimaliza zamu. Senge anamfundisha sentensi kwa simu, naye huzisema kwa baba yake, mbaya mbaya, na Javan husubiri afike mwisho ndipo amsahihishe. Kisha humsimulia mambo marefu. Nelima hushika neno hapa na pale, mengine yanampita, lakini hakati simu.

Jumapili moja, baada ya simu kama hiyo, alimkuta mama yake jikoni anakata sukuma wiki.

"Mama, na Kikamba? Wewe kwa nini hukunifundisha?"

Nzisa aliendelea kukata. "Baba yako alikuwa amesoma kuliko mimi. Alivyosema Kiingereza, nikaona anajua."

"Na ulikubali tu?"

"Nilikuwa nakuongelesha ukiwa mgongoni, akiwa kazini. Ulipoanza kuongea na yeye akasikia, nikaacha." Alifagia majani kwa kisu hadi kwenye sufuria. "Wifi yangu anataka niende Pasaka. Anasema niache kazi nihamie. Sijaamua."

Nelima alichukua kisu kilichobaki mezani, akasogeza kiti, akaanza kumenya vitunguu.